Jino Moja la Sproketi: Utunzaji na Ubadilishaji wa Vipuri vya Pikipiki ya Lami na Porini

Utangulizi

Tumfikirie bwana afya mmoja anayefanya kazi katika wilaya ya milima, kama zile za Usambara au Uluguru. Kila wiki hupakia sanduku la chanjo nyuma ya pikipiki yake yenye injini ya sentimita za ujazo 125, akaelekea kijiji kilicho mwisho wa njia. Sehemu kubwa ya safari ni lami na udongo ulioshindiliwa, na hapo pikipiki huenda bila taabu. Lakini karibu na kijiji upo mwinuko mmoja mkali. Hapo, hata katika gia ya kwanza, injini hukoroma, mwendo hufifia, na mwishowe bwana afya hushuka akasukuma, huku barafu ndani ya sanduku ikiendelea kuyeyuka.

Fundi amemshauri anunue sproketi ndogo ya mbele, yenye meno 14 badala ya 15. Rafiki yake amemwambia aiache ya mbele na kununua ya nyuma iliyo kubwa zaidi, yenye meno 48 badala ya 45. Mwenye duka la vipuri anasema dawa ni tairi nene zenye vinundu vikubwa. Je, ni nani kati yao asikilizwe?

Swali hili halina haja ya kubahatisha. Laweza kujibiwa kwa rula, kalamu na karatasi, pamoja na elimu ya mashine sahili ambayo mwanafunzi huipata katika miaka ya mwanzo ya sekondari. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kulijibu, na tutaona kwamba kabla ya kubadili kipuri chochote hapana budi kukipima na kukitunza kile kilichopo.

Mashine ya mapatano

Pikipiki tunayoizungumzia ni ile iliyoundwa kwenda barabarani kihalali, ikiwa na taa na nambari zake, na pia kupita katika njia za mawe, mchanga na matope. Pikipiki za namna hiyo zilikuwapo tangu zamani, lakini iliyofungua soko kubwa duniani ilikuwa Yamaha DT-1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968. Baada yake zilifuata nyingine nyingi, zikiwemo zile za DT na XL ambazo mabwana shamba na watumishi wa afya wa Afrika Mashariki walizizoea kwa miaka mingi.

Mashine hii ni mwana wa mapatano. Tumbo lake limeinuliwa juu ili lisigonge mawe, lakini kwa hiyo hupepesuka zaidi katika upepo. Springi zake zina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, lakini kwa hiyo kiti huwa kirefu kwa mtu mfupi. Gia zake zimepangwa zifae kidogo mlimani na kidogo kwenye lami. Mtengenezaji ameipima mizani hiyo kwa mtumiaji wa wastani. Mwenye kubadili kipuri anaisogeza mizani upande mmoja, na ni wajibu wake kujua ni kitu gani kitakachopungua upande wa pili.

Jinsi mnyororo unavyofanya kazi

Nguvu ya injini hupita katika klachi na sanduku la gia, ikafika kwenye sproketi ndogo ya mbele. Kutoka hapo mnyororo, ambao mafundi huuita cheni, huipeleka kwenye sproketi kubwa iliyofungwa katika gurudumu la nyuma. Mnyororo wa aina hii, wenye pini, bushi na rola, uliundwa na Hans Renold katika mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1880, na umbo lake halikubadilika sana hata leo.

Umbali kati ya kitovu cha pini moja na kitovu cha pini inayofuata ndio kipimo kikuu cha mnyororo. Katika mnyororo wenye nambari 428, unaotumika sana katika pikipiki ndogo, umbali huo ni milimita 12.7. Katika ule wa nambari 520, wa pikipiki kubwa zaidi, ni milimita 15.875. Sproketi ya namba moja haikubali mnyororo wa namba nyingine.

Watu husema kwamba mnyororo wa zamani “umevutika”. Kwa kweli chuma hakikuvutika. Kila pini husuguana na bushi yake inapopinda kuzunguka sproketi, na vumbi likiingia katikati hugeuka kuwa msasa. Tuseme kila pini na bushi yake zimelika milimita 0.1 tu, unene unaokaribia ule wa karatasi ya daftari. Mnyororo wenye pini 120 utakuwa umeongezeka urefu kwa:

0.1 × 120 = milimita 12

Yaani sentimita moja na zaidi imetokana na ulikaji ambao jicho haliwezi kuuona. Mnyororo uliorefuka haukai tena chini kati ya meno, bali hupanda kuelekea ncha zake. Hapo meno huanza kulika upande mmoja na kupinda kama ndoana. Kwa sababu hiyo mnyororo na sproketi zake mbili hubadilishwa pamoja. Mnyororo mpya ukifungwa juu ya meno mabovu, meno hayo yatauharibu mapema.

Kupima kabla ya kununua

Kipimo ni chepesi. Zima injini, weka gia huru, na simamisha pikipiki mahali tambarare. Vuta mnyororo unyooke, kisha pima kutoka kitovu cha pini ya 1 hadi kitovu cha pini ya 21. Hapo utakuwa umepima nafasi 20. Kwa mnyororo mpya wa nambari 428 urefu huo ni:

20 × 12.7 = milimita 254

Kwa kawaida mpaka wa kuutupa mnyororo ni pale urefu unapozidi kwa asilimia 2 hivi, yaani karibu na milimita 259 kwa mnyororo huu. Rudia kipimo mahali patatu au panne, kwa kuwa mnyororo haulikaji sawasawa kote. Kitabu cha pikipiki yenyewe kikitaja mpaka mwingine, kifuatwe hicho.

Baada ya urefu, pima ulegevu. Katikati ya sproketi mbili, sukuma sehemu ya chini ya mnyororo juu na chini, usome kwa rula. Katika pikipiki nyingi za aina hii ulegevu unaotakiwa huwa kati ya milimita 30 na 50, na kitabu husema ni kiasi gani hasa. Mwanafunzi anaweza kuuliza: kwa nini mnyororo usikazwe kabisa? Sababu ni kwamba uma wa nyuma, unaoshika gurudumu, haukufungwa kwenye kitovu cha sproketi ya mbele, bali nyuma yake kidogo. Gurudumu linapopanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika. Huwa mrefu kuliko wote pale sproketi ya mbele, bawaba ya uma na ekseli ya nyuma zinapokuwa katika mstari mmoja. Mnyororo uliokazwa sana pikipiki ikiwa imesimama tupu utavutwa kupita kiasi itakapobeba mzigo na kuingia shimoni. Huumiza beringi za sanduku la gia, na ukikatika huweza kujiviringa penye sproketi ya mbele, ukapasua ganda la injini au kulifunga gurudumu la nyuma ghafla.

Kusafisha na kulainisha

Uchafu uondolewe kwa brashi laini na mafuta ya taa, kisha mnyororo upanguswe ukauke. Baadaye tia mafuta mazito ya gia, ya daraja la SAE 80 au 90, upande wa ndani wa mnyororo, huku ukizungusha gurudumu polepole kwa mkono. Pangusa yanayobaki nje, kwa maana hayo kazi yake ni kukusanya vumbi tu. Minyororo mingine ina pete ndogo za mpira zinazofungia grisi ndani ya kila bushi. Hiyo isioshwe kwa petroli wala kusuguliwa kwa brashi ya chuma, kwa sababu pete zitaharibika.

Mambo mawili yakumbukwe daima. La kwanza, kamwe usisafishe mnyororo huku injini ikiunguruma, hata katika gia ya kwanza. Sproketi hukata vidole mara moja. La pili, ikiwa pingili ya kuungia ina kibano, upande wake uliofungika uelekee kule mnyororo unakokwenda, ili jiwe au kijiti kisije kikakibandua.

Hesabu ya meno

Sasa turudi kwa bwana afya. Uwiano wa sproketi hupatikana kwa kugawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele:

Sproketi za sasa: 45 ÷ 15 = 3.00
Shauri la fundi: 45 ÷ 14 = 3.21
Shauri la rafiki: 48 ÷ 15 = 3.20

Jambo la kwanza la kujifunza ni hili: kuondoa jino moja mbele kunakaribia sawa na kuongeza meno matatu nyuma.

Tuseme kwamba katika gia ya kwanza sproketi ya mbele inazungushwa kwa nyutoni-mita 60, na kwamba kutoka kitovu cha gurudumu la nyuma hadi ardhini ni mita 0.32. Kani inayosukuma pikipiki mbele hupatikana kwa kuzidisha 60 kwa uwiano, kisha kugawanya kwa 0.32:

Kwa 15 na 45: 60 × 3.00 ÷ 0.32 = nyutoni 562.5
Kwa 14 na 45: 60 × 3.21 ÷ 0.32 = nyutoni 602 hivi
Kwa 15 na 48: 60 × 3.20 ÷ 0.32 = nyutoni 600

Je, mlima unadai kiasi gani? Tuseme pikipiki, mpandaji na mzigo vyote pamoja vina kilogramu 220. Uzito wake ni 220 × 9.8, yaani nyutoni 2,156. Mwinuko nao ni wa namna hii: kwa kila mita 100 za njia, kimo huongezeka mita 25. Kani inayoivuta pikipiki kurudi chini ni robo ya uzito, yaani nyutoni 539. Tuongeze ukinzani wa tairi kwenye udongo mgumu, tukiukadiria kuwa sehemu 2 katika 100 za uzito, yaani nyutoni 43. Jumla ya deni ni nyutoni 582.

Injini ina nyutoni 562.5, na mlima unadai 582. Ndiyo sababu bwana afya hushuka na kusukuma. Kwa shauri la fundi au la rafiki, pikipiki itapanda.

Bei ya jino moja

Lakini mashine haiumbi nishati. Kilichoongezwa katika kani kimetolewa katika mwendo. Ikiwa katika gia ya juu injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika iliipeleka pikipiki kilomita 60 kwa saa, kwa sproketi ya meno 14 mzunguko ule ule utaipeleka kilomita 56 tu. Ili kufikia 60 tena, injini itabidi izunguke mara 6,430 hivi kwa dakika. Njia nzima ya lami, kwenda na kurudi, bwana afya atailipia ile mita mia ya mlima kwa petroli na kwa ulikaji wa injini.

Tena, mashauri mawili yanayolingana kwa uwiano hayalingani kwa gharama. Sproketi ya meno 14 ina nusu kipenyo kidogo kuliko ya meno 15. Kwa mnyororo wa 428 nusu vipenyo hivyo ni milimita 28.5 na 30.5. Kwa kuwa nguvu ya kuzungusha ni ile ile, mnyororo huvutwa zaidi: karibu nyutoni 2,100 badala ya 1,970. Vilevile kila pingili hulazimika kupinda nyuzi 25.7 badala ya 24 inapopita mbele, na kupinda ndiko kunakoila pini. Sproketi kubwa ya nyuma haina madhara hayo. Ila yenyewe hugharimu zaidi, hushusha mnyororo milimita 6 hivi karibu na mawe, na huhitaji ekseli isogezwe mbele kiasi cha milimita 10 au mnyororo uongezwe pingili.

Vipi kuhusu tairi za mwenye duka? Vinundu vikubwa vitalisaidia gurudumu lisiteleze katika matope, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini gurudumu la bwana afya haliteleza. Tatizo lake ni upungufu wa kani. Tena, tairi hiyo nene ikiinua kitovu cha gurudumu kutoka mita 0.32 hadi 0.33, hata kwa sproketi ya meno 48 kani itakuwa:

60 × 3.20 ÷ 0.33 = nyutoni 581.8

Mlima unadai 582. Sentimita moja ya mpira imeimeza faida yote ya meno matatu ya chuma. Na kwenye lami, vinundu hivyo hugusa barabara kwa eneo dogo zaidi, hivyo breki zikikamatwa pikipiki huchelewa kusimama, hasa barabara ikiwa imelowa.

Shauri la nne

Limebaki shauri moja ambalo hakuna aliyelitoa, kwa kuwa halina kitu cha kuuzwa. Katika mwinuko huu kila kilogramu moja hudai nyutoni 2.65 hivi: 2.45 za mlima na 0.2 za ukinzani wa tairi. Upungufu wa bwana afya ulikuwa 582 toa 562.5, yaani nyutoni 19.5. Basi:

19.5 ÷ 2.65 = kilogramu 7.4

Akipunguza kilogramu 8 za mzigo usio wa lazima, pikipiki itapanda kwa sproketi zile zile. Dumu la maji lenye lita 5 na mfuko wa spana zisizotumika vyatosha kuleta tofauti hiyo.

Hesabu hiyo hukata pande mbili. Akifunga sproketi ya meno 48, atabakiwa na ziada ya nyutoni 18 tu, na kilogramu 7 za mzigo mpya zitaifuta. Na katika hesabu zote tumeacha upotevu wa nishati ndani ya mnyororo. Iwapo mnyororo mkavu uliojaa mchanga utapoteza nyutoni 3 katika kila 100, basi katika 600 zimepotea 18, nayo ni ziada yote. Hivyo basi, mtu aweza kununua kipuri kipya na kurudi kusukuma pikipiki mlimani, kwa sababu tu hakuwa na kikopo cha mafuta na kitambaa.

Kwa hiyo mpangilio mwema wa kazi ni huu. Kwanza, punguza mzigo. Pili, safisha na ulainishe mnyororo, osha kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi, pima upepo wa tairi, inua gurudumu la nyuma na ulizungushe kwa mkono kuhakikisha kwamba breki haishiki, na uangalie kama klachi haitelezi. Tatu, pima mnyororo. Ukiwa umefikia mpaka wake, hapo ndipo wakati wa kufikiri juu ya sproketi ya meno 48, maana vipuri vyote vitatu vitanunuliwa hata hivyo, na mnyororo mpya utakatwa kwa urefu unaotakiwa.

Nne, na hili lisisahauliwe, kagua breki. Mlima uliopandwa hauna budi kushukwa. Katika mita 100 za mwinuko ule, kilogramu 220 huteremka mita 25 na kutoa juli 53,900 za nishati. Sehemu ndogo tu huliwa na ukinzani wa tairi. Iliyobaki lazima ichukuliwe na breki na injini, la sivyo itaongeza mwendo. Dereva na ateremke katika gia ya kwanza ili injini isaidie kushika, na viatu vya breki vilivyofikia alama ya mwisho vibadilishwe kabla ya kutumia fedha kwa kitu kingine chochote. Atakayeshindwa kupanda atachelewa kijijini. Atakayeshindwa kusimama huenda asifike.

Mazoezi

1. Mnyororo wa nambari 520 umepimwa katika nafasi 20 ukaonekana una milimita 322. Tafuta urefu wake ulipokuwa mpya, na asilimia ya ongezeko. Je, umefikia mpaka wa asilimia 2?

2. Pikipiki ya Kawasaki KLR650 hutoka kiwandani ikiwa na sproketi ya meno 15 mbele na 43 nyuma. Fundi akifunga ya meno 14 mbele, uwiano utabadilika kwa asilimia ngapi? Ni sproketi gani ya nyuma ambayo ingeleta badiliko linalokaribia hilo?

3. Chagueni mwinuko karibu na shule yenu. Lazeni ubao wa mita 2 juu ya njia, na mpime tofauti ya kimo cha ncha zake kwa mpira wa maji wanaoutumia waashi. Kisha kokotoeni kani inayohitajika kuipandisha pikipiki yenye kilogramu 200, mkiukadiria ukinzani wa tairi kuwa sehemu 2 katika 100 za uzito.

4. Dereva wa bodaboda asema, “Tangu nibadili sproketi, injini yangu imeongezeka nguvu.” Eleza kwa maneno yako mwenyewe ni kitu gani hasa kilichoongezeka, na ni kipi kilichopungua.